Ndugu wanne, mgonjwa mmoja: timu nzuri zinapokezanaje?

KwaZamu (mwuliza swali)
Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua michezo ya timu kwa undani. Ndugu wanne wanamuuguza mama yao aliyepooza upande mmoja. Wote wanampenda na wote wanajitoa, lakini kila wiki ni ugomvi. Mara dawa ya presha imetolewa mara mbili, mara haikutolewa kabisa, mara tarehe ya kliniki imepita. Aliye nje ya nchi anatuma pesa na analalamika kwamba haambiwi kitu. Timu zinafanyaje mpira usianguke katikati ya watu? Naomba mambo ya kuanza nayo kesho asubuhi.

Kijiti_cha_Nne
Mkuu, anza pale wanapobadilishana zamu, maana ndipo panapovuja.

Watu hufikiria mbio za vijiti za mita 100 kwa wanne, ambako mpokeaji anakimbia bila kutazama nyuma na kunyoosha mkono akisikia sauti. Hilo linawezekana kwa sababu anayekuja bado ana kasi. Kuuguza kunafanana zaidi na mita 400 kwa wanne. Huko anayekuja miguu imekwisha, kwa hiyo mpokeaji hugeuka, humtazama, hupima mwendo wake, kisha yeye ndiye hukichukua kijiti. Aliyekesha na mgonjwa hawezi kukumbuka yote saa 12 asubuhi. Anayeingia ndiye aulize, swali kwa swali:
- Dawa zipi amemeza, saa ngapi?
- Amekula na kunywa nini?
- Choo na mkojo vipi?
- Amegeuzwa saa ngapi mara ya mwisho, na kwa upande upi? (Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila saa mbili. Angalieni ngozi ya makalio na visigino, wekundu usioondoka ni dalili ya kidonda kinachokuja.)
- Moyo wake ukoje leo, amechangamka au ana huzuni?

Majibu yaandikwe kwenye daftari moja lisilotoka chumbani. Kijiti kina eneo lake la kupokezana, mita 20 katika mbio za mita 400 kwa wanne; nyumbani eneo hilo liwe dakika 20 ambazo wote wawili wapo. Tatizo la "nilimkuta ameshaondoka" linaishia hapo.

Dawa: nunueni kisanduku chenye vyumba vya siku na nyakati, mtu mmoja akijaze kila Jumapili. Chumba kikiwa kitupu, dawa imetolewa. Mkiwa na shaka msiongeze kidonge kwa kubahatisha, pigieni simu wanaomtibu. Presha ikishushwa kupita kiasi, mgonjwa huanguka.

Kuna kanuni nyingine naipenda sana: kijiti kikidondoka, aliyekidondosha ndiye hukiokota. Aliyesahau dozi aseme mwenyewe, mapema, na wengine wampokee bila kumsomea mashtaka. Akishambuliwa leo, kesho ataficha, na hilo ni hatari kuliko kusahau kwenyewe.

Mpira_wa_Wavu
Naongeza kidogo tu. Kwenye voliboli mpira huanguka kati ya wachezaji wawili wazuri kwa sababu kila mmoja amemheshimu mwenzake. Dawa yake ni sauti: "Yangu!", na isikike mapema, kabla mpira haujashuka. Ujumbe wa kundi la WhatsApp unaosema "nani atampeleka mama kliniki Jumatano?" ni mpira uliorushwa katikati. Mtajeni mtu: "Kaka, Jumatano saa 2 asubuhi ni wewe?" Naye ajibu kwa kurudia kazi na saa. Kidole gumba kinaonyesha kwamba ameona; hakionyeshi kwamba amepokea.

Senta_C
Kuhusu wa nje ya nchi, tazameni mpira wa pete. Kila mchezaji ana herufi kifuani na mipaka yake. Mfungaji, GS, hachezi nje ya theluthi yake, na senta anayezunguka theluthi zote haingii kwenye nusu duara za kufungia. Ukivuka, mpira unapewa wapinzani. Mpeni ndugu huyo herufi yake: alipe dawa na bima, aweke miadi ya kliniki kwa simu, azungumze na mama kila jioni saa ileile. Namna ya kumlisha na kumgeuza aamue aliye chumbani.

Vilevile, mpira hauruhusiwi kurushwa juu ya theluthi nzima bila kuguswa na mtu ndani yake. Habari ya mama isimfikie aliye mbali kupitia jirani huku dada anayelala naye hajui.

Na mama mwenyewe yumo uwanjani. Makabidhiano yafanyike mbele yake, aulizwe kama wamesahau kitu. Kiharusi kikigusa usemi, mtu huweza kuelewa yote na akashindwa kujibu. Mpeni muda, ulizeni maswali ya ndiyo au hapana.

KwaZamu
Asanteni sana. Na yule asiyesema kwamba amechoka?

Senta_C
Usisubiri aombe. Kocha hutazama anayechelewa kurudi kwenye nafasi yake. Nyumbani ni sauti kuwa kali, daftari kuachwa tupu, kula kwa kusimama. Pangeni siku moja kamili ya mapumziko kwa kila mtu kila wiki, iandikwe kwenye daftari lilelile. Wa akiba, hata akiwa wifi au shemeji, ajifunze kugeuza na kulisha kwa zamu mbili huku mzoefu akiwepo, ndipo aachiwe peke yake.