Utafiti wa majani ya mjonso: nitume jarida lipi kati ya haya matatu?

BintiUjiji (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza uzamili wa famasia. Nilichuma majani ya Vernonia amygdalina huku kwetu, ule mti mchungu ambao Watongwe wanauita mjonso, nikaenda kuyapima Dar kwa panya weupe waliopandishwa sukari. Dondoo ya maji, yaani dawa iliyokamuliwa kwenye majani kwa maji, ilishusha sukari vizuri tu. Nimekwama kwenye jarida: British Journal of Pharmacology, Journal of Ethnopharmacology, au Tanzania Journal of Health Research la NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu?

MfamasiaTabora
Hongera sana dada. Hilo la Waingereza lipo tangu 1946 na heshima yake ni kubwa. Ila nijibu kwanza: kila kundi lilikuwa na panya wangapi? Chini ya 5 hawapokei takwimu zako. Watataka pia kujua uliwagawaje kwa bahati nasibu, na kama msoma vipimo hakujua panya yupi kapewa nini. Na dondoo ghafi haiwatoshi, watauliza mna kemikali gani ndani.

BintiUjiji
Makundi 6, panya 4 kila kundi. Hela iliishia hapo kaka.

MfamasiaTabora
Basi hilo liweke kando.

MzeeWaReli (Tabora)
Binti yangu, kabla hujachagua nikupe yaliyonikuta. Nililetewa barua pepe ikiniita profesa mashuhuri, nami ni tabibu wa zahanati. Wakaahidi kuchapisha ndani ya siku 5, nikalipa. Hakuna mhakiki aliyeniuliza hata swali moja. Makala ikatoka jina langu limekosewa, miezi michache baadaye tovuti ikafungwa. Kazi ya miaka 2 ikapotea hivyohivyo. Ukiona jarida halikuhoji, kimbia.

BintiUjiji
Shikamoo mzee, na pole sana. Nimepata barua kama hizo 3 wiki hii, nazifuta sasa hivi.

DadaKasulu
Mimi naona Journal of Ethnopharmacology. Tangu 1979 kazi yake ni dawa za asili, kwa hiyo hutawaeleza kwa nini umeshughulika na mti wa mganga. Ukikubali makala isomwe na wanaolipia jarida tu, mwandishi halipi ada. Watakubana kwenye dozi: kama panya alipewa kiasi ambacho mgonjwa hawezi kukinywa hata kwa ndoo, watairudisha.

Halafu usisahau Mahale, hifadhi ya sokwe ya huko kwenu! Mwaka 1987 Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe jike mgonjwa akimenya kijiti cha mjonso huohuo na kufyonza maji yake machungu. Walichapisha 1989 kwenye Primates, jarida la Japani. Iandike kwenye utangulizi wako, ni historia ya Kigoma. Ila sokwe wale walihusishwa na minyoo, usiwageuze ushahidi wa sukari.

MfamasiaTabora
Dada Kasulu, hapo tunatofautiana. Wagonjwa wangu wanachemsha majani haya na jioni wanameza metformini, dawa ya kisukari ya hospitali. Yote mawili yakishusha sukari kwa pamoja, mtu anaweza kuanguka. Anayepaswa kulijua hilo ni daktari wa wilaya, naye atalisoma jarida la NIMR bila kulipia.

DadaKasulu
Hoja yako ni nzito kaka, sikatai. Ila chuo au hospitali ikijiunga na Hinari, mpango wa WHO wa tangu 2002, hata hayo ya kulipia yanafunguka. BintiUjiji, sampuli ya mti umeihifadhi hebaria gani, yaani ghala la mimea iliyokaushwa? Wataomba namba yake.

BintiUjiji
Jamani. Nina unga tu kwenye chupa.

DadaKasulu
Bila tawi lililokaushwa, lenye maua na majani, nani atathibitisha ni mti uleule? Rudi pale ulipochuma. Libane kati ya magazeti, badilisha magazeti kila siku lisiote ukungu, andika tarehe na mahali, kisha lipeleke hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na kwenye makala useme wazi kwamba tawi limechumwa baadaye.

BintiUjiji
Mti bado upo, nyuma ya nyumba ya bibi Mwandiga. Nimempigia sasa hivi, anasema umeanza kutoa maua. Kesho alfajiri naenda.