Kichupa cha surua hakifunguliwi mpaka watoto watimie kumi: ni nani aliyetoa ruhusa hiyo?

Ndugu wanajamvi,

Nimevumilia vya kutosha, na sasa ninaliweka jambo hili hadharani ili wenye dhamana ya chanjo katika halmashauri zetu walisome. Katika zahanati inayohudumia kata yetu, ambayo sitaitaja kwa jina, mtoto wa miezi 9 anayepelekwa kuchanjwa surua na rubella hachanjwi mpaka watoto wa rika lake wafike kumi au wakaribie hapo. Wasipotimia, mama huambiwa arudi wiki ijayo na kadi ya kliniki hurudishwa bila kuandikwa chochote. Hakuna anayejishughulisha kujua kwamba amepanda bodaboda kwa fedha ya mboga na kufunga genge lake asubuhi nzima.

Mke wangu amerudishwa namna hiyo zaidi ya mara moja. Safari ya mwisho nilimsindikiza mwenyewe, nikamwona muuguzi akipita mbele ya benchi na kuhesabu watoto kwa ncha ya kalamu, kisha akatangaza bila kumtazama mtu: "Wa surua mpo wanne tu, siwezi kufungua kichupa." Watoto waliokuja kwa chanjo za wiki 6, 10 na 14 walihudumiwa bila maneno. Wale wanne wakavishwa tena kofia zao, wakafungwa mgongoni na kuondoka.

Kwa wasioelewa tofauti hiyo inatoka wapi, chanjo ya sindano ya wiki ya 6 inayojulikana kwa jina la penta ni ya maji na ina dawa ya kuihifadhi, kwa hiyo kichupa kikishafunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28 iwapo kimetunzwa kwenye ubaridi unaotakiwa na alama ya joto iliyo juu yake haijabadilika. Chanjo ya surua na rubella huja ikiwa unga mkavu unaochanganywa na kimiminika chake maalumu. Haina kihifadhi, na ikishachanganywa lazima imwagwe baada ya muda wa saa 6 kupita au kliniki inapofungwa, lolote litakalotangulia. Kichupa kinachotumika kwetu kina dozi 10. Akichanjwa mtoto mmoja, dozi 9 zinatupwa, na hapo ndipo hesabu ya mwenye duka inapoingia mahali pa hesabu ya tabibu. BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, ina tatizo lilelile, tena kubwa zaidi, kwa kuwa kichupa chake kina dozi 20. Ndiyo maana mtoto anayepaswa kuipata mara tu anapozaliwa hupangiwa "siku ya BCG", akakaa nyumbani kwa wiki kadhaa bila kinga dhidi ya kifua kikuu cha utando wa ubongo, ambacho huwaua watoto wachanga.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kulisema jambo hili waziwazi: kichupa cha surua kifunguliwe hata kama aliyefika ni mtoto mmoja. Sasa nauliza, huyu anayewaagiza wauguzi wahesabu vichwa kwanza ameutoa wapi mwongozo wake? Simlaumu sana muuguzi, kwa sababu ninafahamu kwamba taarifa ya mwezi ina sehemu ya upotevu wa chanjo, na dozi zilizotupwa zikizidi ataitwa ajieleze, tena pengine friji ina vichupa vichache na hajui vingine vitaletwa lini. Lakini watoto waliorudishwa nyumbani hawana sehemu yao kwenye taarifa hiyo. Dozi iliyomwagwa inaandikwa na kuulizwa, mtoto aliyekosa dozi haandikwi popote, na hivyo anayefukuza watoto anaonekana mtunzaji mzuri wa mali ya umma.

Huo utunzaji ni wa uongo. Mgonjwa mmoja wa surua akiingia mahali ambapo watu hawana kinga anaweza kuwaambukiza wengine 12 hadi 18, na ndiyo sababu inatakiwa watoto 95 katika kila 100 wawe wamepata dozi mbili ili ugonjwa usisambae. Nimonia inayofuata surua inalaza mtoto wodini, na kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A ugonjwa unaweza kumpofusha macho. Halafu tukumbuke kwamba hata wanaochanjwa kwa wakati wakiwa na miezi 9, takribani 15 katika 100 hawajengi kinga kwa dozi hiyo ya kwanza. Dozi ya pili ya miezi 18 iliwekwa kwa ajili yao. Mama aliyezungushwa kwa dozi ya kwanza, mwenye mtoto anayetembea na kucheza bila dalili ya ugonjwa wowote, mnategemea arudi kwa hiari kwa dozi ya pili akahesabiwe tena?

Kinachoniudhi kuliko vyote ni lawama. Surua ilipoua watoto Mpimbwe, wilayani Mlele mkoani Katavi, tulihubiriwa sana kuhusu wazazi wanaokataa chanjo kwa sababu za imani. Wapo, sikatai. Ila mzazi aliyebeba mtoto hadi mlangoni pa zahanati na kurudishwa naye tumweke kundi gani? Ilipokuja kampeni ya Februari 2024, timu zilitufuata mpaka mitaani na vibeba chanjo vyao, vipaza sauti vikatuita, na sikuona mtu akihesabu watoto kabla ya kufungua kichupa. Kwa hiyo uwezo upo pale wakubwa wanapotaka takwimu. Kampeni ikiisha, tunarudi kwenye ncha ya kalamu.

Lipo pia suala la benchi lenyewe, nalo haliwezi kutenganishwa na hili, kwa sababu kila mtoto anayeambiwa arudi analetwa tena kukaa mahali palepale. Korido ni moja kwa wagonjwa wa nje na kwa kliniki ya watoto wasio wagonjwa. Siku hiyo niliyoeleza, hatua chache kutoka kwenye mizani ya kuning'inizia watoto, alikuwepo mtoto mwenye macho mekundu, makamasi yanayotiririka na vipele vilivyoanzia usoni. Sijui alikuwa na nini, mimi si daktari, lakini hata asiye daktari anajua kwamba mtoto wa namna hiyo hapaswi kupanga foleni pamoja na wachanga. Virusi vya surua hubaki hewani kwa muda wa hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, na mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla vipele havijatokea. Kumtenga hakuhitaji jengo jipya. Kunahitaji mtu mmoja anayeangalia foleni asubuhi, benchi la pili chini ya mwembe ambao tayari upo uani, na madirisha yaliyofunguliwa.

Bwana mmoja aliyekuwa kwenye foleni alishauri kwamba wafungue tu na kinachobaki wakiweke kwenye friji hadi kesho, na wengine wakamuunga mkono. Hapana, ndugu zangu, hapo sipo pamoja nao, na sitaki uzi huu utumike kudai hivyo. Mwaka 2017 huko Sudan Kusini, katika eneo la Kapoeta, watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya surua ambayo bomba moja la sindano lilitumiwa kwa siku 4 na chanjo haikutunzwa kwenye ubaridi. Mwaka 2018 nchini Samoa wauguzi walichanganya unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli inayotumika wakati wa upasuaji, tena iliyokwisha muda wake, badala ya maji yake, watoto wawili wakafa, wazazi wakaiogopa chanjo, na mwaka uliofuata surua ikaondoka na watu 83, wengi wao wakiwa watoto wadogo. Kanuni ya saa 6, bomba jipya kwa kila mtoto na kimiminika sahihi havina mjadala. Ninachokidai ni kichupa kifunguliwe leo, na kinachobaki kimwagwe leo.

Wanaojitetea kwa gharama waelewe kwamba vipo vichupa vya dozi 5 vya chanjo hii hii. Zambia ilivijaribu katika baadhi ya wilaya, na huko waliochanjwa waliongezeka na dozi zilizotupwa zikapungua. Kama vichupa vidogo havipatikani kwa sasa, basi namba za simu za akina mama zipo kwenye rejesta ya zahanati, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanajua nyumba zenye watoto wa miezi 9. Waitwe waje siku moja, lakini atakayekuja nje ya siku hiyo achanjwe vilevile.

Ninamtaka mganga mkuu wa halmashauri na mratibu wake wa chanjo wabandike kwenye mlango wa kila zahanati maelekezo yenye sahihi, yanayosema kwamba hakuna mtoto anayerudishwa kwa sababu ya idadi. Kama agizo la kuhesabu watoto linatoka kwao, walibandike hilo pia, tulione. Barua nimekwisha kuipeleka ofisini kwao na nakala yenye muhuri wa mapokezi ninayo; majibu yakija nitayaweka hapa, na yasipokuja nitalisema hilo hilo.

Wauguzi mliomo humu, hata kwa akaunti zisizojulikana, tuambieni mmeelekezwa nini kuhusu upotevu na ni nani aliyewaelekeza. Na wazazi, andikeni wilaya yenu, chanjo iliyokataliwa, na sababu mliyopewa.

Nawasilisha.