Cheti cha foklifti ya kawaida kinaniruhusu kuendesha ile ya korido nyembamba?

Dereva wa Ghala: Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Nilifunzwa na kupimwa kwa foklifti ya kawaida, yenye uzito wa kusawazisha nyuma. Sasa msimamizi anataka kesho nianze kuendesha ya korido nyembamba, ambayo dereva hukaa ubavu na uma (vyuma viwili vya kubebea mzigo) husogezwa mbele kufikia rafu, baada ya kumtazama mwenzangu zamu moja tu. Anasema cheti ni kilekile. Je, ni sahihi? Nimjibu vipi asidhani nakwepa kazi?

Mkufunzi wa Mitambo: Ndugu yangu, si sahihi, na umefanya vema kuuliza mapema. Katika foklifti ya kawaida magurudumu ya mbele ndiyo egemeo, hivyo kadiri kitovu cha mzigo kinavyokuwa mbali na mlingoti (nguzo ya mbele inayopandisha uma), ndivyo uwezo unavyopungua; mashine iliyoandikiwa kilo 2,500 kwa umbali wa milimita 500 haipaswi kubebeshwa kilo hizohizo kwa milimita 800. Katika hiyo ya korido, uma ukirudishwa ndani mzigo hukaa kati ya miguu ya mbele, lakini ukisogezwa nje uthabiti hubadilika papo hapo, pengine mzigo ukiwa mita 8 juu. Usukani nao una tabia nyingine. Haya hayajifunzwi kwa kutazama.

Afisa Usalama: Naunga mkono. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinamtaka mwajiri ampe dereva mafunzo ya nyongeza anapohamishiwa aina nyingine ya mashine, na ampime upya angalau mara moja kila miaka 3. Angalia pia sheria ya nchi yako. Kwa msimamizi, andika kwa heshima: “Niko tayari kujifunza mashine hii, na naomba nifunzwe na kupimwa kabla ya kuiendesha peke yangu.” Baki na nakala.

Dereva wa Ghala: Nashukuru sana. Akisema nijifunze huku kazi ikiendelea?

Mkufunzi wa Mitambo: Inawezekana, mradi anayekusimamia ana ujuzi wa kufundisha, yuko nawe muda wote, na eneo limefungwa ili wapita kwa miguu wasiingie. Anzeni bila mzigo. Kagueni breki, honi, minyororo na uvujaji wa mafuta kabla ya kuanza kazi, kisha mfanye mizigo myepesi kwenye rafu za chini. Rafu za juu zisubiri hadi upimwe na matokeo yaandikwe.