Mabuti ya pikipiki yenye kisigino kinene: humwongezea mvaaji urefu kiasi gani hasa?

Afisa Ugani wa Umalila:

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Mimi ni afisa ugani, na kazi yangu ni kuwazungukia wakulima wa viazi na pareto katika vijiji vya Umalila, kwa hiyo karibu kila siku ya kazi niko juu ya pikipiki. Kimo changu ni sentimita 157 bila viatu, na pikipiki ninayoitumia ni ya zile zenye siti ya juu zilizotengenezwa kwa ajili ya barabara mbovu, kiasi kwamba nikisimama njiani naigusa ardhi kwa ncha za vidole tu. Wiki mbili zilizopita nilisimama kwenye mteremko uliolowa, mguu haukufika pale nilipotarajia, nikalala upande wa kushoto pamoja na pikipiki. Sikuumia, ila tangu siku hiyo kila ninapokaribia kusimama moyo hunidunda.

Jumamosi nilikuta Mwanjelwa, kwenye mitumba, mabuti meusi ya ngozi ya mtindo wa waendesha pikipiki, yenye zipu upande wa ndani, bizimu mbili kwa nje, soli nene na kisigino kipana cha mraba. Muuzaji aliniambia kwamba kisigino ni cha inchi tatu, na kwamba nikiyavaa nitapanda kwa inchi hizo tatu kamili, yaani zaidi kidogo ya sentimita saba na nusu. Nimemwachia shilingi elfu kumi ili asiyauze hadi nirudi.

Kabla sijamalizia malipo, naomba kufahamu: ni kweli kwamba kisigino cha inchi tatu humwongezea mtu inchi tatu? Na urefu huo, uwe wowote ule, utanisaidia kufika chini nikiwa nimeketi kwenye pikipiki?

Fundi Viatu, Soweto Mbeya:

Binti yangu, pole sana kwa kuanguka. Nimeshona viatu kwa zaidi ya miaka 30, na swali lako la kwanza nimeulizwa mara nyingi, hasa na mabibi harusi. Jibu langu ni kwamba hutapanda inchi tatu kamili. Muuzaji hakukudanganya kuhusu kisigino, ila kisigino ni kitu kimoja na kimo cha mvaaji ni kingine.

Ukirudi pale sokoni, chukua rula upime sehemu mbili. Pima kisigino kwa nyuma, kuanzia sakafuni hadi pale ngozi ya buti inapoanzia, kisha pima unene wa soli chini ya ule mpira wa mguu, yaani sehemu pana iliyo nyuma kidogo ya vidole. Hicho kipimo cha pili ndicho ambacho watu hukisahau, nacho ndicho chenye uzito zaidi, kwa sababu soli ya mbele hunyanyua mguu mzima, ilhali kisigino hunyanyua nyuma tu na kuuacha mguu ukiwa umeinama kama mtu anayeshuka mlima Loleza. Wale waliokuwa vijana katika miaka ya 1970 watakumbuka viatu vya raizoni vilivyovaliwa na suruali za bugaluu. Raizoni zilikuwa nene mbele na nyuma, ndiyo maana kijana aliyezivaa alionekana kweli amerefuka, na suruali yake ilipaswa kushonwa ndefu ili izifunike. Mabuti haya ya siku hizi yenye soli nene ni ndugu wa raizoni, lakini yanatofautiana sana. Yapo ambayo mbele yana sentimita nne, na yapo ambayo mbele yana sentimita moja tu ingawa kisigino ni kilekile.

Jambo jingine, kwa kuwa ni mtumba, yageuze uangalie chini. Kona ya nje ya kisigino ndiyo huisha kwanza, na mara nyingi nimepokea buti lililoliwa karibu sentimita moja upande mmoja wakati upande wa pili liko zima. Buti la namna hiyo hupunguza kimo, na tena huupindisha mguu kwenye kifundo, jambo ambalo kwa mtu wa kushuka kwenye pikipiki ni hatari. Kubadilisha kile kipande cha mpira cha chini ni kazi ndogo, nayo ifanyike kabla hujayavaa hata siku moja.

Mama wa Tukuyu:

Shikamoo mzee Fundi. Dada yangu afisa ugani, mimi ninayo mabuti ya aina hiyo na nimeyapima, tena baada ya kulipia gharama ya kutopima mapema.

Mwaka jana nilikuwa msimamizi katika harusi ya mdogo wangu, na kwa kuwa ilikuwa msimu wa baridi na Tukuyu mvua haina adabu, niliamua kuvaa mabuti hayo chini ya gauni refu la kitenge badala ya skuna. Fundi cherehani aliweka rula kwenye kisigino, akasoma sentimita nane, akaongeza nane zote kwenye urefu wa gauni. Siku ya harusi upindo ulikuwa unagusa sakafu mbele na nyuma. Kutoka kwenye gari hadi mlango wa kanisa ni hatua kama 20 za udongo mwekundu, na nilipofika ndani kitenge kilikuwa kimekunywa maji hadi karibu na magoti, kizito, kikinivuta nyuma kila nilipopiga hatua. Picha zote za siku ile zinaonyesha ule mstari wa tope, na bado naumia nikiziona.

Nilipofika nyumbani nilisimama ukutani bila viatu, mwanangu akaniwekea kitabu kichwani na kuchora alama kwa penseli, kisha nikavaa mabuti tukachora alama ya pili. Tofauti ilikuwa sentimita sita na nusu. Kisigino ni nane, soli ya mbele ni mbili na nusu. Ile sentimita moja na nusu iliyopotea ndiyo iliyoburuzwa kwenye tope.

Mwalimu wa Fizikia, Iringa:

Vipimo vya Mama wa Tukuyu vinakubaliana na hesabu, na ningependa kueleza kwa nini, maana mtu akielewa chanzo hatahitaji kumtegemea muuzaji.

Uzito wa mwili haushuki kupitia nyuma kabisa ya kisigino. Mfupa wa mguu unakaa juu ya kifundo, na kifundo kipo mbele kidogo ya kisigino, kati ya kisigino na ule mpira wa mguu alioutaja mzee. Chukua ubao uulaze sakafuni, kisha unyanyue ncha moja kwa sentimita nane huku ncha ya pili ikibaki chini. Ncha uliyoinyanyua imepanda nane, lakini alama uliyoichora mahali fulani katikati imepanda kidogo kuliko hapo. Kifundo ndiyo ile alama. Kwa mguu wa kawaida hupanda takriban robo tatu ya tofauti iliyopo kati ya kisigino na soli ya mbele, na kisigino kikiwa kirefu sana sehemu hiyo hupungua zaidi.

Kwa hiyo njia ya haraka ni hii: hesabu unene wote wa soli ya mbele, kisha ongeza robo tatu ya tofauti. Kwa mabuti ya Tukuyu, tofauti ni sentimita tano na nusu, robo tatu yake ni kama nne na kidogo, ukijumlisha na mbili na nusu unapata 6.6. Kitabu na penseli vilitoa 6.5. Yale mabuti ya zamani ya waendesha pikipiki, ambayo asili yake ni mabuti ya kazi ya Marekani ya miaka ya 1930, kwa kawaida yana kisigino cha chini zaidi. Ukikuta chenye sentimita nne kwa nyuma na moja na nusu kwa mbele, tarajia kupanda kama tatu na nusu hivi.

Naongeza tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba kimo cha mtu hubadilika ndani ya siku moja, kwa kuwa vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo hubanwa kadiri tunavyosimama, hata jioni mtu akawa mfupi kwa takriban sentimita moja kuliko alivyoamka. Usipime bila viatu asubuhi kisha na mabuti jioni, utajipunja. Ya pili ni kwamba ongezeko hilo ni kwa kulinganisha na miguu mitupu. Watu wanaokufahamu hawakuoni ukiwa pekupeku. Iwapo kila siku unavaa raba yenye soli ya sentimita mbili na nusu, mabuti yanayokupa sita yatawafanya wakuone umeongezeka tatu na nusu tu.

Dereva wa Makambako:

Ndugu zangu mmejibu vizuri swali la kusimama, ila dada aliuliza pia kuhusu kuketi, na hapo mambo ni tofauti kabisa. Nawafundisha vijana kuendesha pikipiki, na hili naliona kila wiki.

Dada, umesema unafika chini kwa ncha za vidole. Maana yake ni kwamba kisigino chako kiko hewani, na kitu kilicho hewani hakikusaidii kufika chini. Kinachokusaidia ni unene wa soli chini ya vidole peke yake. Buti likiwa na kisigino cha inchi tatu na soli ya mbele ya sentimita moja, utapata sentimita moja. Likiwa na soli ya mbele ya sentimita tatu, utapata tatu, na amini usiamini, tatu hizo ni nyingi, kwa sababu zinatosha kukutoa kwenye ncha za vidole na kukuweka kwenye mpira wa mguu, ambako mguu una nguvu ya kushika pikipiki isilale.

Hata hivyo soli nene ina gharama yake. Pikipiki nyingi za bodaboda zina kanyagio la gia la pande mbili, unakanyaga mbele au nyuma, na buti nene halina shida hapo. Pikipiki yako ya barabara mbovu huenda ina kanyagio la upande mmoja, ambalo lazima uingize vidole chini yake na kulinyanyua. Buti nene halitaingia mpaka fundi alipandishe kidogo. Upande wa kulia nao, soli ngumu itakuficha breki, utakanyaga bila kuhisi umekanyaga kiasi gani, na kwenye utelezi wa Umalila hilo silipendi hata kidogo. Kisigino chenyewe nakitetea, maana asili yake ni kwa wapanda farasi wa Uajemi waliokitumia kushikilia kikuku cha kukanyagia, na kwenye pikipiki kinafanya kazi ileile ya kuzuia mguu usiteleze kwenda mbele. Lakini kwa kazi hiyo sentimita tatu au nne zinatosha.

Ushauri wangu ni kwamba ulipunguze tatizo kwenye pikipiki kwanza. Mpelekee fundi siti akupunguzie sponji, hasa pembeni pale mapaja yanapopita, kwa sababu siti pana huipanua miguu na kuifupisha kabla haijafika chini. Mwambie pia fundi pikipiki aangalie kama shokapu za nyuma zimekazwa kwa ajili ya mizigo mizito, kwani zikilegezwa pikipiki hushuka kidogo ukiikalia.

Afisa Ugani wa Umalila:

Nawashukuru wote kwa moyo mkunjufu. Leo nimerudi Mwanjelwa na rula na futikamba. Kisigino ni sentimita 7.5 kama alivyosema muuzaji, na soli ya mbele ni tatu kamili. Alinikubalia kusimama kwenye nguzo ya kibanda, nikapimwa pekupeku na kisha nikiwa na mabuti, muda uleule. Nimepanda sentimita 6.2, kutoka 157 hadi 163.2, na kwa hesabu ya Mwalimu ningepata 6.4.

Kisha nikaikalia pikipiki pale nje. Ni kweli tupu alivyosema Dereva: kilichofika chini ni zile tatu za mbele. Mpira wa mguu wa kushoto sasa unagusa, kisigino kiko hewani kama zamani. Kanyagio la gia ni la upande mmoja, na vidole havikuingia chini yake. Nimeyalipia kwa sababu ngozi ni nzima na nimeyapenda kwa mjini, lakini ya kazini nitatafuta yenye soli ya mbele ya wastani na kisigino kifupi, na sponji ya siti itakatwa Ijumaa.

Mzee Fundi, naomba swali la mwisho. Je, haya niliyonunua yanaweza kukatwa kisigino kutoka saba na nusu hadi tano, ili niweze kuyavaa hata vijijini?

Fundi Viatu, Soweto Mbeya:

Hapana, binti yangu. Buti hushonwa kwenye kalibu yenye mwinuko wake, na ule mwinuko ndio uliopinda ngozi na soli ya ndani. Nikikata sentimita mbili na nusu, pua ya buti itanyanyuka mbele, utakuwa unatembea kwa kuegemea nyuma, na soli itapasuka pale kati. Naweza kutoa nusu sentimita, au moja kwa shida. Lete Jumatatu tuangalie ile kona ya nje, na ukija uje pia na raba unazovaa kila siku, nione miguu yako hula upande gani.