Dawa za minyoo: kwa nini bibi asimeze pamoja na mjukuu wake?

Mleta mada

Wakuu, naomba tujadili hili bila kurushiana maneno. Kijijini kwetu, Muheza, watoto hupanga foleni shuleni, wakatafunishwa kidonge kimoja cha albendazoli, wakarudi darasani. Bibi yangu wa miaka 74 anapalilia mihogo nyuma ya shule hiyohiyo, peku, na hajawahi kuitwa. Mwaka jana akawa anahema kwa kupanda kilima cha kisimani, viganja vyeupe pee. Akaambiwa ni uzee, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Mpaka mama mdogo alipong'ang'ania apimwe choo: safura, minyoo inayonyonya damu tumboni!

Minyoo hii huingilia ngozi ya mguu, kwa hiyo mkulima wa miaka yote hubeba mingi kuliko mtoto. Unatibu watoto, choo cha bibi kinarudisha mayai ardhini. Kwale, Kenya, walilijaribu kati ya 2015 na 2017. Walikotibu watoto pekee, safura ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Walikomezesha kijiji kizima mara mbili kwa mwaka, kutoka 20.6 hadi 6.3.

Mchangiaji wa kwanza

Kidonge ni bei ya chai na chapati, si mnunulie? Mkimwaga dawa kwa kila mtu mtaleta usugu. Jengeni vyoo, vaeni kandambili.

Mleta mada

Kandambili kwetu zinaachwa kizingitini, nani analima nazo? Na bibi atanunuaje dawa ya ugonjwa asiojua kama anao? Mbona mtoto hatukumwambia akanunue. La vyoo sina ubishi.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni muuguzi, nawaunga mkono nusu. Kuna strongiloidi, mnyoo unaojizalisha humohumo tumboni na kukaa na mtu miongo mizima bila kelele. Mzee akianzishiwa predinisoloni kwa ajili ya pumu, kinga inashuka, minyoo inasambaa mwilini, na anaweza kufa. Kidonge kimoja cha albendazoli hakiuwezi vizuri, mnyoo huu unahitaji dawa nyingine, ivamektini. Kipimo cha kawaida cha choo nacho huukosa mara nyingi. Kwa hiyo kumpanga bibi kwenye foleni ya wajukuu kutamsaidia kwa safura, kwa huu bado.

Mleta mada

Hilo la predinisoloni limenishtua, dada. Babu ana pumu, na Alhamisi namsindikiza kliniki. Nitauliza kabla hawajamwandikia kitu.