Habari ya mtoto mgonjwa: tutangaze kiasi gani mitandaoni ili tupate mchango?

Mama Mdogo, Kisauni

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Mtoto wa dada yangu, mvulana wa gredi ya sita, amezaliwa na selimundu, yaani maradhi ya damu ya sickle cell, na baada ya miaka ya kulazwa, kuongezwa damu na kurudi tena hospitalini, madaktari wameishauri familia ifikirie kumpeleka India kupandikizwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Fedha zinazohitajika hatuwezi kuzipata hata tukiuza kila tulicho nacho. Mjomba wake ameshatayarisha tangazo la kusambazwa Facebook na katika makundi ya WhatsApp ya mtaa na ya msikiti. Lina picha ya mtoto akiwa kitandani huku akiongezwa damu, jina lake kamili, shule yake, historia ya ugonjwa tangu utotoni, na hata aya nzima inayoeleza jinsi baba yake alivyoihama nyumba. Anasema watu hawatoi kwa jambo wasiloliona, wala simlaumu, kwa kuwa anampenda mtoto huyu na anaona siku zinapita. Dada yangu amenyamaza, na kunyamaza kwake kunanitia wasiwasi kuliko kama angekataa. Mtoto mwenyewe hajaulizwa. Naomba mnishauri: ni yapi ambayo hayana budi kusemwa, na ni yapi ambayo yakishatoka hatutaweza kuyarudisha?

Mwalimu, Likoni

Dada yangu, pole sana, na Mwenyezi Mungu amjalie mtoto afya. Nianze na hilo la mwisho ulilolitaja kwa sentensi moja tu, kwamba mtoto hajaulizwa, kwa sababu kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mvulana wa gredi ya sita anasoma, na wenzake wana simu za wazazi mikononi kila jioni. Nimemfundisha mwanafunzi aliyetangazwa kwa namna hiyo. Alitibiwa, akapona, akarudi darasani akiwa na nguvu zake zote, lakini wenzake waliendelea kumwita mtoto wa mchango, na ile picha ilizuka tena kila palipotokea ugomvi uwanjani. Waliomchangia walikuwa watu wema, na hakuna aliyekusudia kumdhuru.

Zingatieni pia jinsi vyombo hivi vinavyofanya kazi. WhatsApp inamruhusu mtu kufuta ujumbe kwa wote, lakini kwa muda wa siku mbili na kitu tu, na nakala iliyokwisha kupelekwa kwingine haiguswi. Kampuni hiyo iliweka mpaka wa kusambaza ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mara moja mwaka 2019, kisha mwaka 2020 ikaufanya ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi upelekwe kwenye mazungumzo mamoja tu kila mara. Mipaka hiyo hupunguza kasi, haiuzuii ujumbe, na kundi moja tu linaweza kuwa na watu zaidi ya elfu moja.

Muuguzi, Tudor

Naongeza jambo ambalo nadhani mjomba hakulifikiria. Selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Mtoto huzaliwa nayo anapopokea kasoro hiyo ya damu kwa baba na kwa mama, na wazazi wote wanapoibeba, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kwa wanne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Kwa hiyo mnapoandika jina kamili la mvulana huyu pamoja na ugonjwa wake, mmekwisha kutangaza pia habari za damu ya mama yake na ya baba yake, na mmewafanya watu waanze kuuliza kuhusu dada zake, ambao huenda wanaibeba kasoro hiyo bila ya kuugua, au huenda hawanayo kabisa. Mnajua wenyewe jinsi maneno yanavyotembea hapa kwetu posa inapoletwa. Ni vyema sana wachumba wapimwe kabla ya ndoa, na mimi huwahimiza vijana wafanye hivyo, lakini hayo ni ya kuambiana wahusika kwa hiari yao, si ya kusomwa na mji mzima kwenye tangazo.

Tena, katika upandikizaji wa uboho, mtoaji anayetafutwa kwanza ni ndugu wa tumbo moja. Ikiwa mmoja wa dada zake atapimwa, msimtaje. Akitajwa kisha ikaonekana kwamba hafai, au akiogopa, atabeba lawama za watu asiowajua.

Mzazi, Changamwe

Kwa heshima zote, naona mnamwelemea mjomba. Mimi nina binti mwenye ugonjwa huo huo, na kilichotuumiza kwa miaka mingi kilikuwa ni kuficha. Watoto wetu wamesingiziwa kurogwa, na akina mama wameambiwa wana nuksi, kwa sababu kila familia ilijifungia na lake. Tulipotangaza, pamoja na picha, watu walichanga, na wazazi wengine watatu wa mtaani walikuja kutuuliza kuhusu kliniki. Sitiri ni jambo jema, lakini isije ikamfikisha mtoto kaburini. Ninachokubaliana nanyi bila ya ubishi ni ile aya ya baba: iondolewe. Haimsaidii mgonjwa kwa lolote, na mtoto akiwa mkubwa ataisoma.

Katibu wa kamati ya michango, Majengo

Mzee wa Changamwe amesema kweli, nami sioni kwamba amepingana na muuguzi: ugonjwa unaweza kutajwa waziwazi bila ya kumwanika mgonjwa. Nimeshughulikia michango ya msikiti kwa muda mrefu, na nimeona kwamba picha ya kuhuzunisha huleta maneno ya pole mengi, ilhali fedha huletwa na uaminifu. Mtu anataka kujua nani anamdhamini mgonjwa huyu, fedha zinakwenda wapi na zitabaki kiasi gani. Tayarisheni barua ya hospitali yenye makadirio ya gharama, aione imamu na mzee wa mtaa, na wakubali kuulizwa. Barua yenyewe isisambazwe, kwa sababu ina namba za faili na mambo mengine ya mgonjwa.

Tangazo liwe na tarehe ya kuanza na ya kumalizika, maana matangazo yasiyo na tarehe huzunguka miaka baada ya mgonjwa kupona au kufariki, na familia hupigiwa simu usiku na watu wasiojua. Andikeni jina litakalotokea kwenye M-Pesa, ili mtoaji alilinganishe kabla ya kuthibitisha. Matapeli huchukua tangazo la kweli, wakabadilisha namba peke yake, na kadiri tangazo lilivyo na machozi mengi ndivyo wanavyolipenda.

Mwanasheria, Kizingo

Kwa ufupi: Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, zikiwemo habari za familia ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na inataka habari za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda maslahi yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi. Sisemi kwamba mjomba atashtakiwa. Ninasema kwamba idhini ya dada yako inahitajika, na kunyamaza kwake si idhini.

Mama Mdogo, Kisauni

Shukran jazila. Jana tulikaa sote, na dada akasema kwamba alinyamaza kwa kuona haya kumkataza kaka yake aliyejitolea. Mtoto alipoulizwa, alikubali ugonjwa utajwe na jina lake la kwanza liandikwe, lakini picha ya hospitalini ameikataa kabisa. Ametaka iwekwe ile aliyovaa jezi, ya kutoka nyuma. Aya ya baba imefutwa. Mjomba amekubali, ingawa anahofia kwamba mchango utakuwa mdogo.

Katibu wa kamati ya michango, Majengo

Mwambieni asiogope, na mumpe kazi ya kuwapigia simu watu mmoja mmoja, kwa kuwa anayeombwa kwa jina lake hutoa zaidi ya anayesoma ujumbe kundini. Kila Ijumaa tangazeni kiasi kilichopatikana. Kikitimia, fungeni namba siku hiyo hiyo, na mtoe taarifa katika kila kundi mlilolipelekea. Barua ya hospitali nileteeni kesho baada ya sala ya alasiri, nami nitakwenda nayo kwa imamu.