Simuleta ya kufundishia marubani Unguja: jukwaa la kutikisika lina lazima?

anga_kiembesamaki
Asalaam aleikum waungwana. Skuli inataka kununua simuleta ya ngazi ya FNPT II (daraja la mashine za ardhini za kufundishia taratibu za kuruka), mfano wa ndege ndogo ya Cessna Caravan, iwekwe chumba kimoja Kiembesamaki. Kampuni inayoziunda inatoa chaguo mbili: yenye jukwaa la kutikisika la miguu sita, au isiyotikisika lakini usukani wake una mota za kuupa uzito. Fedha zinatosha moja tu. Ipi? Na joto, chumvi na umeme tujipange vipi?

mwalimu_wa_ala
Waaleikum salaam. Chukueni ya usukani wa mota. FNPT II haidai jukwaa, na jukwaa baya linafundisha vibaya. Mguu wake una mwisho, hauwezi kuendelea kumsukuma mtu. Ndege ikiongeza kasi, mashine humlaza rubani nyuma polepole ili uzito wa mwili wake audhanie msukumo wa injini. Ikimlaza kwa zaidi ya nyuzi 3 hivi kwa sekunde, sikio la ndani linagundua, na kichefuchefu kinaanza.

Usukani wa springi nao una uzito ule ule kwenye mwendo wa noti 80 na noti 150 (maili za baharini kwa saa), kwa hiyo mwanafunzi hajifunzi trimu, yaani kuuondolea usukani uzito, kabisa.

Kwenye mkataba andikeni muda wa kuchelewa: tangu usukani uguswe hadi ala (vipimo vya mbele ya rubani) na picha zibadilike, usipite milisekunde 300. Ukizidi, mwanafunzi anaona kimya, anaongeza, ndege inapitiliza, anarudisha, pua inapanda na kushuka. Atalaumiwa yeye, kumbe kosa ni la mashine.

Na bila ithibati ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, saa za mazoezi hazihesabiki. Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinataka saa 40 za ala kwa kibali cha kuruka kwa ala. Za ardhini hazizidi 20, au 30 kwa simuleta kamili.

fundi_fumba
Umeme kwanza. Kompyuta 4 kwa wati 500, projekta 3 kwa wati 350, mota za usukani wati 400: jumla wati 3,450. Ongeza asilimia 30, unafika karibu 4,500. UPS (mashine ya betri ya akiba) ya kVA 5 yenye kipimo cha nguvu 0.9 inatoa wati 4,500 kamili, haina nafasi. Chukueni kVA 6, ya aina inayolisha muda wote. Betri za dakika 15 zinatosha kuwasha jenereta. Eisi isipite kwenye UPS.

Unyevu ndio adui hasa. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, hutoa umande juu ya kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 26. Mlango ukifunguliwa kwenye chumba cha nyuzi 20, bodi zinatoa jasho, na jasho la pwani lina chumvi. Wekeni nyuzi 24, mashine ya kukausha hewa kwenye asilimia 50, isizimwe usiku, na kijichumba cha mlango wa pili.

anga_kiembesamaki
Ahsanteni sana. Na ndege ikitetemeka kwenye skrini, usukani haujashikwa?

fundi_fumba
Hicho ni kipimo cha kugusana kinachosoma mkao wa usukani, njia yake imeshika kutu. Badilisheni kwa kipimo cha sumaku, kisha msawazishe upya. Msikubali kuongezewa eneo mfu la katikati, ambamo usukani ukisogezwa ndege haijibu, ili kuficha kosa. Usukani utakufa ganzi pale pale pa kutua.

mwalimu_wa_ala
Siku ya kuipokea, wekeni upepo wa kusi: unaotoka nyuzi 150, noti 18, njia ya kutua ya 18 (inayoelekea nyuzi 180) ya Uwanja wa Abeid Amani Karume. Upepo wa ubavuni ni noti 9. Mkija kwa noti 90, pua lazima ielekee kushoto karibu nyuzi 6 ndipo mfuate mstari wa katikati. Ikibaki 180 kamili na ndege haihami kulia, msitie saini.